Viwavi na Vidukari Bustanini: Kuchagua kati ya Mikono, Wavu, Mwarobaini, Bt na Dawa za Dukani

Mtu mwenye matuta mawili ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, au magunia machache ya mchicha na nyanya kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, akikuta majani yametobolewa huenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo na kuulizia dawa iliyo kali kuliko zote. Muuzaji humpa, kwa kuwa ndicho alichoombwa. Lakini ukali wa dawa si kipimo cha kwanza katika bustani ya nyumbani. Mkulima wa kabichi wa Lushoto au wa Kinangop hupanda mara moja, hutunza kwa takriban miezi mitatu, kisha huvuna shamba zima ndani ya siku chache. Mwenye sukuma wiki uani huchuma majani ya chini leo, na keshokutwa anarudi kuchuma yaliyofuata, hivi kwamba hakuna wiki ambayo mmea wake hauingii jikoni. Dawa inayomfaa wa kwanza inaweza isimfae kabisa wa pili, hata kama mdudu wanayepambana naye ni yuleyule. Kwa hiyo njia zinazolinganishwa hapa zinapimwa kwa maswali mawili: ni mdudu gani anayekula, na jani au tunda hilo litaingia sufuriani lini.

Kumtambua anayekula

Wadudu wa bustani wanatofautiana kwa namna wanavyokula, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nusu ya uchaguzi. Wapo wanaotafuna, ambao wengi wao ni viwavi, yaani watoto wa nondo na vipepeo, pamoja na panzi na mbawakavu wa aina kadhaa. Wapo wanaofyonza utomvu: vidukari, inzi weupe, na utitiri mwekundu, ambaye kwa ukoo ni ndugu wa buibui. Dawa inayofanya kazi kwa kumezwa pamoja na jani haimdhuru anayechoma mdomo wake ndani ya jani na kunywa utomvu, na maji ya sabuni yanayommaliza kidukari kwa dakika chache hayamsumbui sana kiwavi aliyekwisha kukomaa. Watu wengi wanaolalamika kwamba dawa fulani ni feki walinunua dawa halisi wakaielekeza kwa mdudu asiyehusika nayo.

Ili kujua, geuza jani asubuhi kabla jua halijawa kali. Katika sukuma wiki na kabichi, kiwavi wa nondo wa mgongo wa almasi ni mwembamba, wa kijani kibichi, na hata akikomaa urefu wake hauzidi sana sentimita 1. Akiwa mdogo hula upande wa chini wa jani na kuiacha ngozi ya juu, hivyo badala ya tundu unaona dirisha dogo linalopitisha mwanga kama nailoni. Ukimgusa kwa ncha ya kijiti hujinyonganyonga kwa kasi akirudi kinyumenyume, kisha hujiachia na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Ukimwona akifanya hivyo, huna haja ya kutafuta ushahidi mwingine. Mche uliolala asubuhi ukiwa umekatwa shingoni, usawa wa udongo, ni kazi ya sota: fukua udongo kwa kidole kuuzunguka mche huo, kina cha sentimita chache tu, na mara nyingi utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu amejikunja. Katika nyanya, kantangaze hukaa katikati ya ngozi mbili za jani na kuacha mabaka mapana yaliyokauka, yenye vinyesi vyeusi ndani. Asichanganywe na vidomozi, ambao njia zao ni nyembamba na zimepinda kama uzi uliotupwa ovyo, na ambao madhara yao kwa mmea mkubwa ni madogo.

Vidukari hujitambulisha kwa majani yaliyojikunja na kunata, na kwa msururu wa sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi hao hawali mmea. Wanafuata majimaji matamu ambayo vidukari huyatoa, na kwa kuyalinda wanawafukuza wadudu ambao wangewala vidukari. Mara nyingi kinachomfaa mwenye bustani hapo ni kuizuia njia ya sisimizi kabla ya kufikiria dawa ya vidukari.

Mikono na wavu

Kuokota viwavi kwa mkono hakutajwi sana kwa sababu hakuna mtu anayekuuzia. Hata hivyo, katika bustani ambayo mtu anaweza kuipitia yote kwa muda wa kusubiri maji ya chai yachemke, hakuna njia inayolingana nayo kwa uhakika: unamwona mdudu, unamwondoa, na jani hilohilo linaweza kupikwa mchana. Kazi hii huwa nyepesi kwa anayeifanya mara kwa mara, kwani mayai na viwavi wachanga huondolewa kabla hawajatawanyika, na huwa adhabu kwa anayesubiri mpaka majani yabaki vishipa. Mafungu ya mayai yaliyofunikwa kwa manyoya mepesi, ambayo nondo wa viwavijeshi hutaga kwenye majani, husagwa kwa vidole viwili, na fungu moja laweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Jani la nyanya lenye kantangaze halipakwi chochote. Linachumwa, linatiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, na mfuko unaachwa juani.

Udhaifu wa mikono ni kwamba inahitaji mtu awepo. Familia inayosafiri kwenda kijijini mwezi wa Desemba na kuacha bustani kwa majuma mawili hurudi ikakuta kizazi kizima kipya, maana katika joto la ukanda wetu nondo wa mgongo wa almasi anaweza kutoka yai hadi nondo kwa takriban majuma matatu, na pungufu ya hapo palipo na joto zaidi. (Wapo wanaofungulia kuku bustanini wafanye kazi hiyo. Kuku hula viwavi kwa bidii kweli, kisha hula miche, kisha hufukua matuta. Nawashauri wawape kuku viwavi waliokwisha kuokotwa.)

Wavu ndio unaojaza pengo hilo. Fito zilizopindwa au vipande vya bomba la plastiki huchomekwa juu ya tuta, wavu mweupe mwembamba unatandazwa juu yake, na kingo zake zinafukiwa kwa udongo pande zote. Nondo hutaga usiku, na asipolifikia jani hakuna kiwavi wa kuokota wala wa kunyunyizia. Katika Kenya na Benin njia hii ilijaribiwa na watafiti kwa kabichi kwa kutumia vyandarua vya kilimo, na viwavi walipungua sana. Masharti yake ni machache lakini hayasamehe. Wavu uwekwe siku ileile ya kupanda miche, baada ya kukagua kila mche, kwa sababu ukiwekwa baada ya nondo kutaga unakuwa umemfungia mwizi ndani na kuwaacha maadui zake nje. Matundu ya milimita 1 au chini kidogo humzuia nondo lakini huwapitisha vidukari. Wavu wa matundu madogo zaidi huwazuia nao, ila hupunguza upepo na kuongeza joto na unyevu. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa hilo si jambo dogo, kwa kuwa mboga zilizojaa jasho chini ya wavu hushikwa na magonjwa ya ukungu. Kwake ni afadhali wavu wa matundu makubwa kiasi na kuwashughulikia vidukari kwa njia nyingine.

Sukuma wiki, kabichi, spinachi na mchicha hazihitaji nyuki ili zitoe majani, kwa hiyo zinaweza kukaa chini ya wavu maisha yao yote. Maboga na matango yanahitaji nyuki, na wavu wake lazima ufunuliwe yanapoanza kutoa maua. Chandarua kizima cha kulalia kibaki kitandani: kimetiwa dawa iliyokusudiwa mbu, hakikusajiliwa kwa ajili ya mboga, na malaria hugharimu kuliko kabichi.

Tukiweka viwili hivi bega kwa bega, mikono hudai muda kidogo kila siku na haidai fedha, ilhali wavu hudai fedha mara moja na ukitunzwa vizuri hudumu misimu kadhaa. Kwa sukuma wiki inayochumwa mfululizo, mimi ningeanza na wavu na kuacha mikono kwa ajili ya yale yaliyopenya.

Majivu na maji ya sabuni

Majivu yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Yakinyunyizwa makavu juu ya majani yenye umande huwakausha wadudu wenye ngozi laini na kuwachukiza wengine, na yakizungushwa chini ya miche humsumbua sota. Mvua moja au umwagiliaji mmoja kwa kopo huyaondoa yote. Yakirudiwa sana mahali pamoja, hasa kwenye gunia lenye udongo kidogo, huufanya udongo uwe na magadi kupita kiasi na mmea ukaanza kupauka. Mahali ambapo yana faida ya wazi ni ndani ya kikonyo cha mhindi mchanga, yaani katikati ya majani yanayochipua juu, ambako wakulima wengi hutia majivu au mchanga laini ili kumdhibiti kiwavijeshi vamizi aliyejificha humo.

Maji ya sabuni ni dawa halisi, ilimradi yaelekezwe kwa wanaofyonza. Mililita 10 hadi 20 za sabuni ya maji isiyo na vikolezo vingi katika lita 1 ya maji, zikapulizwa hadi upande wa chini wa majani ulowe, huvunja utando unaomkinga kidukari, inzi mweupe au utitiri. Huua tu yule aliyeloweshwa. Yakikauka hayana nguvu tena, jambo ambalo ni hasara kwa mwindaji na faida kwa mpishi, kwa kuwa jani likioshwa vizuri linaweza kuliwa siku hiyohiyo. Sabuni ya unga ya kufulia iepukwe kwa sababu huunguza majani, na hata sabuni nzuri huunguza ikipulizwa saa sita mchana. Wakazi wa pwani wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi watambue kwamba maji magumu hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe usiofaa kitu. Kama sabuni haitoi povu kwenye ndoo, haitaua kidukari kwenye jani. Maji ya mvua au ya bomba hutatua hilo.

Mwarobaini na Bt

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu njia zote mbili ni nzuri, zote huelekezwa kwa viwavi, na zote husifiwa kwa maneno yaleyale, ingawa zinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Mwarobaini una kiambato kiitwacho azadiraktini, ambacho kimejaa zaidi kwenye kokwa kuliko kwenye majani. Kipimo cha kokwa kinachofahamika ni gramu 50 zilizotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, zikaloweshwa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa. Anayetumia majani mabichi huhitaji mengi zaidi, kama kilo 1 kwa lita 5 za maji, na hata hivyo nguvu yake hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu. Kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa humo husaidia dawa kushika kwenye jani la sukuma wiki, ambalo kwa asili lina nta na huyamwaga maji. Kiwavi aliyekula jani hilo hafi papo hapo. Huanza kupoteza hamu ya kula, hushindwa kujivua gamba ili akue, na hufa baada ya siku kadhaa. Mtu anayetazama bustani kesho yake na kuwaona wakiwa hai hudhani amepoteza muda wake, akakimbilia dukani, kumbe viwavi hao wamekwisha kuacha kula.

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria wa udongoni aliyepewa jina hilo mwaka 1915 kutokana na jimbo la Thuringia la Ujerumani. Huuzwa ikiwa unga au majimaji katika maduka ya pembejeo yaliyokamilika, na dozi husomwa kwenye lebo. Kiwavi akimeza jani lililopuliziwa, fuwele za protini huyeyuka katika tumbo lake, ambalo lina hali ya magadi, na kulitoboa. Ndani ya saa chache huacha kula, na baada ya siku mbili au tatu huonekana mweusi na mlegevu. Tumbo la binadamu lina hali ya asidi na halina mahali pa kuishika protini hiyo, ndiyo sababu Bt huhesabiwa miongoni mwa dawa zenye muda mfupi kabisa wa kusubiri kabla ya kuvuna. Aina zinazouzwa kwa ajili ya viwavi haziwagusi nyuki, buibui wala nyigu wadogo wanaosaidia bustani. Haziwagusi vidukari pia, na hilo wauzaji wengine hawalisemi.

Kwa kasi, basi, Bt inaushinda mwarobaini. Kwa upana wa wadudu, mwarobaini unaishinda Bt kwa kuwa hupunguza pia vidukari na inzi weupe. Kwa gharama, mwarobaini ni bure kwa mtu wa Dodoma, Zanzibar au Kilifi mwenye mti mlangoni, lakini ni kazi ya kuokota, kukausha, kubangua na kutwanga. Kwa mtu wa nyanda za baridi kama Njombe au Limuru, ambako mti huo haustawi, atalazimika kununua mafuta yake yaliyotengenezwa, na hapo unafuu wa bei unaweza kutoweka. Kwa uhakika wa kipimo, Bt iko mbele sana, mradi haijakaa kwenye rafu yenye joto hadi ikafa. Tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe kabla ya kulipa, na pakiti ihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli. Zote mbili huharibiwa na mwanga wa jua ndani ya siku chache, hivyo hupulizwa jioni, na zote hufanya kazi vizuri kwa viwavi wachanga kuliko kwa wakubwa. Hakuna inayomfikia kwa urahisi kantangaze aliyekwisha kuzama ndani ya jani, ingawa zikiwahi wakati viwavi wanapoanguliwa huwapunguza.

Ipo hoja nyingine inayopaswa kuwazuia wanaopenda kupuliza Bt kila Jumamosi kama ibada. Nondo wa mgongo wa almasi ni bingwa wa kuzoea sumu: usugu wake dhidi ya DDT uliripotiwa Java mwaka 1953, na mwaka 1990 watafiti wa Hawaii walichapisha taarifa kwamba amekuwa sugu hata kwa Bt, kwenye mashamba ambako ilipulizwa mara kwa mara. Pulizia unapowaona viwavi, pumzika wasipokuwapo, na badilishana Bt na mwarobaini kutoka kizazi hadi kizazi. Mwenye sukuma wiki na mti wa mwarobaini karibu anafaa kuwa na vyote viwili.

Asili isiyo na upole

Neno «asili» limewapotosha wengi. Maji ya tumbaku hutoka kwenye mmea, na bado nikotini iliyomo ni sumu kali inayoweza kupenya kwenye ngozi ya anayeyatengeneza. Isitoshe, tumbaku ni ya ukoo mmoja na nyanya, biringanya na mnavu, na maji yake yanaweza kuwapelekea virusi vya batobato. Sioni sababu ya kuyatumia kwenye mboga hata mara moja. Utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, huua viwavi na vidukari vizuri, lakini usipulizwe karibu na bwawa, mfereji au kijito, wala kwenye majani yatakayochumwa siku za karibuni.

Pareto inastahili maneno zaidi. Inalimwa kwetu, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na katika Bonde la Ufa la Kenya, na pairethrini zake humwangusha mdudu kwa dakika chache, jambo ambalo mwarobaini na Bt haviwezi. Jua huzivunja haraka, kwa hiyo mabaki yake hayakai. Tatizo ni kwamba hazichagui: nyuki, nyigu na samaki hufa pamoja na viwavi. Hufaa kama dawa ya dharura, jioni nyuki wakiwa wamerudi, kwenye tuta lililovamiwa ghafla. Haifai kuwa mazoea.

Dawa za viwandani

Ni haki kusema wazi kwamba dawa hizi hufanya kazi, na kwamba bila hizo wakulima wengi wa nyanya na mahindi wangepata hasara kubwa. Kasoro yake katika bustani ya nyumbani inatokana na mambo matatu ya kawaida kabisa.

La kwanza ni kalenda. Kila lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, ambazo kutegemea kiambato na zao zinaweza kuwa 3, 7, 14 au hata zaidi. Kwa mahindi yatakayovunwa baada ya miezi miwili, siku hizo hazina uzito wowote. Kwa sukuma wiki inayochumwa kila siku ya tatu, siku 14 maana yake ni kununua mboga sokoni kwa majuma mawili huku majani yako yakikomaa na kuwa magumu. Na kwa kuwa hakuna familia inayofanya hivyo kwa hiari, kinachotokea kwa kweli ni kwamba jani huchumwa siku ya nne, likaoshwa kwa maji ya chumvi na kupikwa. Kuosha hupunguza kilichokaa juu ya jani. Hakuondoi dawa zile ambazo mmea umezinywa na kuzisambaza ndani yake.

La pili ni kipimo. Dozi nyingi huandikwa kwa bomba la mgongoni la lita 15 au 20, ilhali mtu wa uani anahitaji lita 1 au 2. Kugawanya mililita 20 kwa kumi kwa kutumia kifuniko cha chupa ni kubahatisha, na watu wakibahatisha huongeza. Baya zaidi ni dawa inayopimwa na kuuzwa rejareja katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa: haina lebo, haina jina la kiambato, haina tarehe, na mtoto anaijua chupa hiyo kuwa ya kitu cha kunywa. Hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote. Chupa halali ina namba ya usajili kutoka mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na ina utepe wa rangi chini ya lebo. Utepe mwekundu huonyesha sumu kali kabisa, ukifuatiwa na wa njano, wa buluu na wa kijani. Rangi hiyo hueleza hatari kwa mtu atakayeimeza au kuigusa leo. Haielezi itabaki kwenye jani kwa siku ngapi, kwa hiyo hata dawa ya utepe wa kijani ina siku zake za kusubiri.

La tatu ni kile kinachokufa bila kukusudiwa. Dawa za kundi la pairethroidi, kama saipamethrini na lambda-saihalothrini, ambazo ndizo za bei nafuu na zimeenea kila duka, huwaua pia wadudu wanaokula utitiri, na mara nyingi majuma machache baada ya kupuliza nyanya hufunikwa na utitiri mwekundu ambao mwanzoni haukuwa tatizo. Sukuma wiki na kabichi nazo zina marafiki wa kulindwa. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliachilia katika vilima vya Taita nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga yai lake ndani ya kiwavi wa nondo wa mgongo wa almasi. Katika nyanda za baridi amezoea na kuwapunguza viwavi hao sana. Ukikuta kwenye jani kifukofuko chenye kitu kigumu cha rangi ya kahawia badala ya pupa ya nondo (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa nondo), kiache, kwani kinachotoka humo kitafanya kazi yako bila malipo. Mwenye kupuliza pairethroidi kila wiki humfukuza mfanyakazi huyo.

Zao kwa zao

Kwa sukuma wiki, kabichi na spinachi, njia ya kwanza ni wavu tangu siku ya kupanda, pamoja na kukagua chini ya majani. Viwavi wakionekana, Bt jioni. Vidukari wakionekana, maji ya sabuni. Dawa ya viwandani ibaki kwenye kitalu, kabla miche haijahamishwa, ambako hakuna anayechuma chochote na siku za kusubiri zina nafasi ya kutosha.

Mchicha hukua haraka mno kustahili dawa yoyote. Hung'olewa wote ndani ya majuma matatu hadi manne, na tuta lililoshambuliwa vibaya ni nafuu kuling'oa, kulisha mbuzi au kuku, na kupanda upya mahali pengine.

Kunde na mnavu husumbuliwa hasa na vidukari, zaidi wakati wa kiangazi. Kabla ya sabuni, tazama mbolea: aliyetia urea kwa wingi ameyafanya majani yawe laini na yenye utomvu mwingi, na vidukari huzaliana kwa kasi kwenye majani ya namna hiyo. Mvua kubwa ya usiku mmoja huwaangusha wengi, hivyo kama mawingu yamekusanyika, subiri.

Nyanya ndiyo inayonifanya nisite. Kantangaze, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini na ambaye aliripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2014, hazuiliki kwa njia moja. Kwa miche kumi au ishirini, kuchuma majani yenye mabaka kila baada ya siku mbili, pamoja na mtego wa harufu ya jike uliowekwa juu ya beseni la maji ya sabuni, huweza kutosha. Mtego huo hunasa madume tu, na thamani yake kubwa ni kukuonya kwamba nondo wameanza kuingia, ili mwarobaini au Bt ipulizwe kabla viwavi hawajazama ndani ya majani. Matunda ya chini yakianza kutobolewa huku mengi yakiwa bado mabichi, na kukiwa na siku za kutosha kabla ya tunda la kwanza kuiva, dawa iliyosajiliwa kwa kantangaze, ikapulizwa na mtu aliyevaa glavu na barakoa na kufuata lebo, ni uamuzi unaoeleweka. Tunda likishaanza kuchumwa kila siku kwa ajili ya kachumbari, nafasi hiyo imepita.

Mahindi machache ya kuchoma yaliyopandwa kando ya ua ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2017, hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la kichwa na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Katika mistari miwili au mitatu anaokotwa kwenye kikonyo kimoja baada ya kingine, na palipobaki wasiwasi panatiwa mchanga au majivu. Mwenye robo eka atachoka, naye ndiye ambaye dawa ya viwandani, ikipulizwa mapema mhindi ungali chini ya magoti, inalingana na kalenda yake.

Baada ya mavuno ya mwisho, mashina ya kabichi na mabua ya nyanya yang'olewe siku hiyohiyo na kuchomwa au kufukiwa kina kirefu, kwa sababu kisiki kinachoendelea kuchipua majani machanga pembeni mwa tuta jipya ndicho kitalu cha nondo wa msimu unaofuata.